Herufi B Chini ya Droo

Nilipoigeuza droo juu ya goti na kuimulika kwa tochi ya simu, nikaona herufi moja imeandikwa kwa penseli.

B.

Kubwa, imelala kidogo, ya mtu aliyezoea kuiandika. Hapakuwa na jina wala mwaka.

Kazi yangu ni kuhamisha vitu vya marehemu. Familia ikishagawana inachokitaka, sisi huitwa kutoa kilichobaki: vyombo, vitabu, makochi, masanduku ya picha ambazo hakuna tena anayezijua sura zake. Nyumba hii ilikuwa hapa Rhode Island, Marekani, mwendo wa nusu saa kutoka Providence ninakoishi. Kabati lilikuwa chumba cha juu, la droo nne, mahogani iliyoiva mpaka imekaribia rangi ya kahawa. Wenzangu walitaka tulishushe ngazi na droo zake ndani. Mimi nimezaliwa katika nyumba ya seremala, Tanga, na nilichapwa kwa kosa hilo nikiwa na miaka tisa. Nikazitoa droo moja moja.

Ndipo nikakutana na hiyo B.

Hiyo ni wiki saba zilizopita, na bado sijaweza kuiacha.

Jina lenye thamani ya mamilioni

Ukifanya kazi kama yangu katika jimbo hili, hutamaliza mwaka bila kuyasikia majina mawili: Townsend na Goddard. Ni koo mbili za Newport, mji wa pwani wa jimbo hili, Wakweka, wale wa Kanisa la Marafiki, zilizofanya useremala pamoja na kuoana. John Goddard alimwoa Hannah, binti wa fundi Job Townsend. Makabati na madawati yao bora ya karne ya 18 unayajua kwa uso uliogawanyika mara tatu, pembeni umetokeza, katikati umeingia ndani, na kila sehemu ina kombe la pwani lililochongwa juu yake. Juni 1989, dawati moja la aina hiyo lenye kabati la vitabu, lililokuwa la mfanyabiashara Nicholas Brown wa Providence, liliuzwa katika mnada wa Christie's mjini New York kwa dola milioni 12.1.

Na John Townsend alikuwa na mazoea ya kuziandikia droo zake kwa penseli. A. B. C.

Kwa hiyo mikono ilinitetemeka, na sioni haya kusema hivyo. Nilimwita msimamizi wetu. Alipiga picha, akatoka nje kuongea na simu, na jioni ile karatasi ya orodha ya vitu ilikuwa na mstari mpya: kabati la droo, linanasibishwa na John Townsend.

Neno hilo lilinikaa kichwani kuliko hata herufi yenyewe. Kunasibisha ni kukipa kitu nasaba. Kwetu mzee akikuuliza "wewe wa nani?", jina lako mwenyewe hulihitaji kulitaja, anataka ukoo, ajue akuweke wapi. Minadani nako vitu huulizwa hivyo hivyo, na majibu yana ngazi. Ukisoma "kazi ya fulani", kuna ushahidi: karatasi ya fundi iliyobandikwa, sahihi, risiti. "Inanasibishwa na fulani" maana yake mtu anayejua anaamini hivyo. "Ya mtindo wa fulani" inaweza kuwa ya mtu yeyote, hata aliyezaliwa baada ya fulani kuzikwa. Kila unaposhuka ngazi, bei inashuka nawe.

Kabati letu lilikuwa limepandishwa ngazi ya kati kwa herufi moja ya penseli.

"Nionyeshe mgongo"

Usiku ule nilimpigia Baba.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba mwanangu. Huko si usiku wa manane? Una nini?"

Nilimtumia picha ya kabati kwa mbele, ile ninayoiona mimi nzuri. Akanyamaza, kisha akasema, "Uso kila mtu anausugua. Nionyeshe mgongo. Nionyeshe na tumbo la droo."

Baba hajawahi kuingia jumba la makumbusho la Marekani, lakini hapo ndipo wataalamu wa hapa huanzia. Nimezitumia jioni zangu zote tangu siku hiyo kujifunza wanavyotazama, na bado nashangaa jinsi jambo lenyewe lilivyo la busara. Mahogani ya nje ilikuja kwa meli kutoka Jamaika, Kuba na pwani ya Honduras, na ilikuwa ghali. Ndani ya droo, nyuma ya kabati, mahali ambapo mgeni hafiki, fundi alitumia mti wa karibu na kwake. Boston na Massachusetts nzima ni paini nyeupe. Newport mara nyingi ni popla ya tulipu, na chesnati kwenye vitako vya droo. Philadelphia walipenda mwerezi mweupe. Charleston utakuta msaiprasi na paini ya kusini. Ukikuta mwaloni ndani, anza kufikiria Uingereza. Fundi angeweza kuiga mtindo wa mji wowote kwa nje, lakini kwa ndani alitumia msitu wa kwao.

Halafu kuna alama za vifaa. Pitisha vidole chini ya droo ya zamani utahisi mawimbi madogo, kama mchanga maji yakishapwa. Hayo ni ya randa yenye ulimi wa duara, iliyotumika kupunguza ubao kwa haraka pasipoonekana. Msumeno wa mkono unaacha mistari iliyonyooka. Msumeno wa duara unaacha tao, na huo ulienea karne ya 19. Msumari uliofuliwa na mhunzi una kichwa chenye pande pande. Uliokatwa kwa mashine unaanza kuonekana miaka ya 1790. Wa waya ni wa mwishoni mwa karne ya 19. Mbao nazo husinyaa kwa upana na si kwa urefu, kwa hiyo meza ya duara yenye miaka 200 ukiipima haitakuwa duara tena.

Nikalirudia kabati letu na elimu yangu changa.

Pande za droo zilikuwa paini nyeupe.

Hilo peke yake halikuua lolote. Lakini ubao mmoja wa mgongo ulikuwa na tao za msumeno wa duara, maana yake ulibadilishwa. Nyuma ya kila mkono wa droo palikuwa na matundu ya zamani yaliyozibwa, maana yake mikono ile si ya kwanza. Kiungo cha miguu hakikufanana na picha za kazi za Townsend nilizokuwa nimezitazama mpaka macho yanauma. Na herufi? Baba alicheka aliposikia nimeijengea nyumba. "Mimi pia naandika namba. Ukishazipiga randa droo nne zikalingana, utajuaje ipi inaingia wapi? Nani asiyeandika?"

Mtaalamu wa kampuni alikuja siku ya nane. Alivua saa na pete asikwaruze mbao, akapiga magoti, akafanya kazi kimya. Vanishi ya juu, alisema, ni ya baadaye, karne ya 19. (Hapo moyo ulinirudi nyumbani kidogo. Katika karne hiyo meli za Salem, kaskazini ya hapa, zilikuwa zikija Zanzibar kuchukua sandarusi iliyochimbwa katika ardhi ya pwani yetu, isafishwe Salem na kupikwa vanishi. Balozi mdogo wa kwanza wa Marekani kule Zanzibar, 1837, alikuwa Richard Waters, mtu wa Salem. Siwezi kusema vanishi ya kabati hili ilikuwa na sandarusi yetu. Lakini niliigusa tena kabla ya kuondoka.)

Uamuzi wake ulikuwa mistari miwili. Kusini mwa New England, yaani majimbo haya ya kaskazini-mashariki, robo ya mwisho ya karne ya 18. Fundi hajulikani.

Jina la Townsend likafutwa, na sifuri kadhaa zikaenda nalo.

Nilihuzunika, na huzuni yenyewe ikaanza kunisumbua. Kabati lilikuwa lilelile. Droo zilikuwa zikiingia vilevile, na ile pumzi ya hewa inayosukumwa nje ukifunga droo iliyotengenezwa vizuri. Nilikuwa nimelipenda kwa ajili yake, au kwa ajili ya jina?

Kiti kilichowapita wote

Katika siku hizo nilikutana na habari ya Armand LaMontagne, mchongaji wa hapa hapa Rhode Island. Mwaka 1969 alitengeneza kiti kikubwa cha miti iliyokerezwa, cha namna wanayoiita Brewster, ya wahamiaji wa kwanza wa karne ya 17. Alikizeesha: akakichakaza, akakitia moshi, akaking'oa baadhi ya viungo. Kisha akakiachia sokoni. Kikapita mikononi mwa wauzaji mpaka jumba la makumbusho la Henry Ford, Michigan, likakinunua kwa dola 9,000 kama kitu halisi. Mwaka 1977 ukweli ukatoka. LaMontagne alikuwa ametoboa matundu kwa keekee ya kisasa makusudi, ndani kabisa ya viungo, ili siku ikifika awe na ushahidi. Eksirei ikaonyesha ncha za matundu yale, tofauti na keekee ya zamani ya umbo la kijiko.

Jumba lile halikukitupa kiti. Linakitumia kufundishia.

Nilikaa na kisa hiki muda mrefu. Watu wenye macho makali kuliko yangu walitaka sana kiti kile kiwe na nasaba, na kutaka huko kukawafumba. Mimi nilifanya hivyo hivyo, kwa dakika tano, na herufi moja.

"Hawa ni wawili"

Kilichogeuza mambo hakikutoka kwa mtaalamu.

Nilikuwa nimempelekea Baba picha zote, kila kona ya kila droo, kwa kuwa aliendelea kuziomba hata baada ya uamuzi kutoka. Jumapili moja akanipigia yeye.

"Hawa ni wawili," akasema.

"Wawili kina nani, Baba?"

"Waliotengeneza. Tazama meno."

Meno ni ile namna ya kuunga pembe za droo bila msumari, vipande vilivyopanuka mbele kama mkia wa njiwa vinavyoumana. Droo mbili za juu meno yake ni membamba, yamekaribiana, na msumeno umesimama penye mstari kabisa. Droo mbili za chini meno ni mapana, na msumeno umeupita mstari, kila jino, upande uleule.

Nikasema labda ni mtu mmoja aliyechoka.

"Mtu akichoka meno yake yanaharibika. Hayawi meno ya mtu mwingine."

Akaniambia niangalie chini ya droo tena. Ya kwanza, ukiitafuta kwa mwanga wa pembeni, ina A iliyofifia. Ya pili ina B yangu. Ya tatu nilidhani haina kitu. Ilikuwa na mikato mitatu ya patasi kwenye ukingo wa nyuma. Ya nne, mikato minne.

Mmoja aliandika herufi. Mwingine alihesabu kwa patasi.

Sikulala vizuri usiku ule. Wiki nzima nilikuwa nikiuliza "nani alitengeneza?", nikitegemea jibu la mtu mmoja. Jina lililobandikwa kwenye kabati, hata likiwepo, ni la mwenye karakana. Ndani ya karakana kulikuwa na wanagenzi, vibarua, ndugu, wakerezaji waliolipwa kwa kipande. Na Amerika ya karne ya 18 kulikuwa pia na watu ambao hawakulipwa chochote.

Nirudi kwenye lile dawati la dola milioni 12.1. Mwaka 1764 Nicholas Brown na ndugu zake watatu waliituma meli yao, *Sally*, Afrika Magharibi kununua watu. Walinunuliwa 196. Waliokufa katika safari ile walikuwa 109 au zaidi. Meli za Rhode Island kwa jumla zilifanya safari zaidi ya 900 za namna hiyo na kuwachukua watu zaidi ya 100,000. Na mahogani ya Karibi iliyojenga samani hizi, waliokuwa wakiiangusha msituni na kuiburuta mpaka mtoni walikuwa Waafrika watumwa. Nasaba ya lile dawati kwenye mnada ilianzia Newport. Nasaba ya ubao wake inaanzia mbali zaidi, kwa watu ambao hakuna dalali aliyewahi kuwataja.

Kule Charleston, fundi Thomas Elfe ameacha daftari la hesabu la mwaka 1768 hadi 1775. Linataja samani kwa mamia, na ndani ya karakana yake walikuwamo mafundi watumwa. Kwa miaka mingi watu waliona nakshi fulani ya matundu na kusema "hii ya Elfe", mpaka wasomi waangalifu wakakumbusha kwamba mafundi wengine wa mjini walitumia nakshi ileile. Daftari lina jina na halina kabati. Makabati yapo na hayana jina.

Dawati lililozama

Sasa nifike kwa mtu aliyenifanya niandike makala hii.

John Hemmings alizaliwa mtumwa mwaka 1776 katika milki ya Thomas Jefferson, aliyekuja kuwa rais wa tatu wa Marekani, huko Virginia. Alijifunza useremala chini ya James Dinsmore, fundi wa Kiayalandi, akawa yeye mwenyewe mkuu wa karakana ya Monticello, shamba la Jefferson. Alijua kusoma na kuandika. Barua zake kwa Jefferson kuhusu kazi zipo mpaka leo. Mwaka 1825 Ellen, mjukuu wa Jefferson, aliolewa na kuhamia Boston. Hemmings alikuwa amemtengenezea dawati la kuandikia. Mizigo ya Ellen ilisafirishwa kwa meli, na ikapotea baharini.

Novemba mwaka ule Jefferson alimwandikia mjukuu wake jinsi fundi alivyoipokea habari. Akamlinganisha na mshairi Virgil, kama utenzi wake mkuu ungeteketea kwa moto. Vitu vingine vyote vilivyozama havikuwa kitu machoni pa Hemmings. Jefferson akamwuliza kama hawezi kutengeneza jingine. Akajibu hapana. Macho yamepungua mno, na hakumbuki tena vizuri lile la kwanza lilivyokuwa.

Sikuweza kuendelea kusoma kwa muda baada ya hapo. Fundi anayesema hakumbuki kazi yake ilivyokuwa, namjua. Nimekua naye.

Badala ya dawati lililozama, Jefferson alimpelekea mume wa Ellen kisanduku chake mwenyewe cha kuandikia, kile alichoandikia Azimio la Uhuru la 1776. Kisanduku hicho kipo Washington, katika makumbusho ya Smithsonian, nyuma ya kioo. Kilitengenezwa na Benjamin Randolph wa Philadelphia. Jefferson alipoandika karatasi ya kuthibitisha asili yake, alimtaja fundi huyo kama Ben Randall.

Hata yeye, aliyelala nyumba ya fundi na kukichora kisanduku mwenyewe, alilikosea jina.

Wosia wa Jefferson ulimwacha Hemmings huru mwaka mmoja baada ya kifo chake, pamoja na vifaa vya karakana yake. Leo watafiti wa Monticello wanaitafuta kazi ya karakana ile kwa njia ile ile ya Baba: mgongo, viungo, mti wa ndani, mkono unaojirudia.

Nilitaka pia kupata fundi mweusi ambaye jina lake halikupotea kamwe, na nikampata. Thomas Day, mtu huru wa Milton, North Carolina, aliyezaliwa 1801, mwenye mojawapo ya karakana kubwa kabisa za jimbo lile. Ngazi zake zina nguzo zilizojiviringa ambazo huzisahau ukishaziona. Mwaka 1830 weupe wa mji wake walilipigania bungeni ombi la mkewe, Aquilla, kuruhusiwa kuishi naye, kwa kuwa sheria ilikataza mtu huru mweusi kuingia kutoka jimbo jingine. Niliisoma habari yake kwa furaha mpaka nikafika penye sensa ya 1850. Day naye alimiliki watumwa, na karakana yake iliwahitaji. Hata chini ya jina nililolitafuta mimi, kulikuwa na mikono mingine.

Kabati la Ngamiani

Kabati letu liliuzwa mwezi uliopita. Kabla halijafungwa blanketi niliomba nusu saa, nikazipiga picha tena zile A na B, na ile mikato ya patasi. Karatasi ya mauzo inasema fundi hajulikani. Niliomba waandike "mafundi". Hawakukubali.

Nilipomweleza Baba, hakusema kitu kwa siku tatu. Kisha ikaja picha. Alikuwa amekwenda Ngamiani, hapo hapo Tanga, kwenye nyumba ya watu anaowafahamu, kutazama kabati la mvule alilotengeneza mwaka 1978. Siku hizo alikuwa kibarua. Kabati lile mpaka leo wenyewe wanaliita kwa jina la mwenye karakana, aliyekuwa na kibao barabarani na ambaye, Baba anasema, hakuligusa hata kwa msasa.

Katika picha droo zimepangwa sakafuni, zimelala kifudifudi. Nikampigia nikamwambia sasa ana nafasi: achukue kalamu, aandike jina lake chini ya droo ya kwanza, wenye nyumba hawatakataa.

"Hizi za juu ni zangu," akasema. "Hizi mbili za chini si mkono wangu."

Palikuwa na kijana, mwanagenzi, amekuja kutoka Muheza, mpole, akikata meno mapana. Walifanya kazi meza moja karibu miaka miwili. Baba anaikumbuka sauti yake, anakumbuka alivyokuwa akishika msumeno kwa kidole cha shahada kimenyooka. Jina hana.

Hajaandika chochote bado. Anasema hawezi kuandika moja akaacha jingine. Wiki hii amekuwa akipita kwa mafundi wa zamani waliobaki, mmoja mmoja, akiwauliza. Jana alikuwa amepata kwamba kijana yule alikuwa na dada aliyeolewa Pongwe, na leo asubuhi amepanda daladala kwenda huko.